Naombeni ushauri: filamu ya mapigano ya kupindukia, uhalisia uishie wapi?

Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri juu ya muswada wa filamu ya mapigano, ile ya kupindukia kabisa: steringi anaruka toka ghorofa ya kumi, anatua juu ya paa la gari, anainuka na kuendelea kumfukuza adui.

Kifizikia haiwezekani. Kutoka mita 30 mtu anafika chini kwa kasi ya takribani kilomita 87 kwa saa, na paa likibonyea kidogo tu haliokoi mifupa. Hilo halinisumbui, mtazamaji wa filamu hizi analikubali mapema. Shida iko kwenye mambo madogo. Bastola nyingi za kisasa zinabeba risasi 15 hadi 17. Steringi akifyatua 40 bila kubadilisha magazini, hofu inakwisha, maana hatari ya kuishiwa haipo tena. Tangi la petroli nalo kwa kawaida halilipuki likipigwa risasi. Kinachowaka ni mvuke uliochanganyika na hewa, tena ukipata cheche. Naona mlipuko ubaki, ila risasi zihesabiwe.

Pia, kanuni ikishawekwa dakika za mwanzo isivunjwe: asiyeumia akianguka asije akalemazwa na ngumi moja mwishoni.

Nilipokwama ni kwenye majeraha. Akichomwa kisu begani, mkono huo ulegee kwa muda gani kabla pambano halijapoteza kasi? Mnaohariri mapigano, mnalionyeshaje jeraha bila kulisimamisha pambano? Na je, apigane kwa mkono mmoja hadi mwisho?