Kijiko kikubwa cha sangala kinazunguka badala ya kuyumba, naomba ushauri

Wakuu, naomba ushauri kwa mafundi wa vijiko vya kuvulia, yaani chambo bandia cha bati. Hiki ni cha sangala wakubwa, kinakokotwa nyuma ya boti hapa Kigoma, upande wa Kibirizi. Bati la stenlesi milimita 1.5, urefu sentimita 18, upana 6, uzito kama gramu 100. Limebonyezwa kwa nyundo ya mpira juu ya gogo lenye shimo. Tundu la milimita 4 kila ncha, pete, kisha ndoana ya matawi matatu.

Kwa kasia kinayumba safi kabisa, utadhani samaki mgebuka aliyejeruhiwa. Injini ikiwashwa tu, kinazunguka mzima mzima na mshipi unajisokota.

Nahisi mbonyeo umezidi: milimita 12 katikati. Nikipunguza hadi 8 itatosha, au nikunje ncha ya nyuma upande wa pili, kifanane na herufi S? Kuongeza uzito wa risasi nyuma nako kuna kazi, ikikaa pembeni kidogo tu kijiko kinalalia ubavu.

Pete za funguo msinishauri, zinafunguka samaki akivuta. Na shaba ya milimita 2, kwa uzito wake, je, itatulia zaidi?