Naomba ushauri: kitako cha sabufa, nimwambie fundi atumie mbao gani?

Wakuu, salaam. Nipo Tanga, Chumbageni, nimepanga ghorofa ya kwanza. Sabufa ya homu thieta yangu ni ya inchi 10, spika yake inatazama chini, na sakafu ni ya vigae. Besi ikikolea, vikombe vinagongana kabatini na mama wa chini anagonga dari kwa mti wa ufagio. Ana haki yake.

Nataka seremala anichongee kitako cha sentimita 45 kwa 45, chini kiwe na mpira. Yeye anang'ang'ania MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi). Kwa unyevu huu wa pwani? Kabati langu la MDF limeshavimba kama andazi! Vipi plaiwudi mbili zikigundishwa pamoja?

Kuhusu mpira, naona tairi ni gumu mno, na sponji la godoro litadidimia upande mmoja. Kuna aliyejaribu soli za kandambili?

Najua besi ya Hz 40 (mitetemo 40 kwa sekunde) ina wimbi la mita 8 na ushee, ukuta hauizuii. Nataka mtikisiko wa sakafu tu upungue. Waliowahi kutengeneza, tupieni picha na vipimo.