Tupeane uzoefu: siku maji ya mvua yalipokula shamba lako

Ndengu Kijani
Juzi jioni nilikuwa nashuka Mbooni na pikipiki, mvua ndiyo kwanza imekatika. Kwenye kona moja nikamkuta mzee amesimama ukingoni mwa shamba, gunia kichwani, sepetu mkononi, anaangalia maji yakitoka kwake na kuvuka barabara. Maji mekundu, mazito, yamebeba hadi miche ya kunde. Nilimsalimu, hakuitikia. Nikamwona marehemu baba, Novemba 1997, mwaka wa El Nino, alivyosimama hivyo hivyo pale kwetu.

Wenzangu wa Makueni, Machakos, Kitui na kwingineko, tupeane uzoefu. Maji yalikutenda nini, na uliyafanyaje? Mliochimba matuta yakashika, semeni. Mliochimba yakabomoka, semeni zaidi.

Sepetu
Mimi wa kubomoka. Nilichimba fanya juu, ule mtaro ambao udongo wake unarushwa upande wa juu uwe tuta, mita sitini kwa kukadiria na macho. Mvua ya kwanza maji yakakimbilia pale palipobonyea, yakajaa, yakatoboa. Tuta lililopasuka ni baya kuliko shamba lisilo na tuta, kwa sababu maji ya shamba zima yanatokea mlango mmoja. Mahindi yote ya chini yalilala.

Mama Mbaazi
Umenikumbusha susu yangu, yaani nyanya. Yeye alichimba mitaro enzi za mkoloni, kwa amri, siku zilizopangwa, askari wa chifu amesimama na fimbo. Alikuwa akisema neno "mtaro" mdomo ukimchacha. Uhuru ulipokuja wengi waliacha yale matuta yafukiwe. Halafu mimi nikiwa msichana nikamwona susu huyo huyo, mgongo umepinda, amebeba jembe anaenda kwenye mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi, wanawake wanaimba, leo shamba la huyu, kesho la yule. Nikamuuliza, si uliichukia kazi hii? Akanijibu, "Nilichukia fimbo."

Mstaafu wa Ugani
Mama Mbaazi, susu alisema kweli. Na kabla ya mitaro kulikuwa na ng'ombe. Mwaka 1938 serikali ya mkoloni ilisema mifugo ya Wakamba imezidi na ndiyo inayoharibu udongo, ikaanza kuchukua ng'ombe wao na kuwauza. Watu wakatembea hadi Nairobi, Muindi Mbingu akiwaongoza, wakakaa huko wakidai ng'ombe wao. Yeye akapelekwa Lamu kizuizini. Ndiye yule mwenye barabara katikati ya Nairobi. Kwa hiyo nilipoanza kazi ya ugani na kusema "hifadhi ya udongo" barazani, wazee walikuwa wakinitazama kama mtu aliyekuja kuhesabu mifugo.

Fanya juu yenyewe ilishika huku Machakos miaka ya 1950. Unachimba mtaro kufuata usawa wa mteremko, udongo unaurusha upande wa juu. Miaka inapita, udongo unaoshuka unajazana nyuma ya tuta, na shamba linajilaza lenyewe kuwa ngazi.

Mrangi wa Kondoa
Ndugu zangu wa Kenya, na sisi wa Tanzania tunayo ya kwetu. Mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza 1973. Wakachimba makinga maji kwa matrekta, wakapanda miti, makorongo yakaendelea kula. Mwaka 1979 likatolewa agizo: mifugo yote iondoke eneo lililomomonyoka la Kondoa. Yote. Baba anasema usiku wa mwisho hakulala, alikaa zizini. Asubuhi zizi likawa na mbolea tu na kamba zimening'inia. Leo ukifika utaona majani na miti pale palipokuwa pekundu tupu. Baba anakubali ardhi imepona. Lakini ukimtajia mwaka huo anainuka na kwenda nje.

Sepetu
Kwa hiyo unatuambia tuondoe ng'ombe?

Mrangi wa Kondoa
Nimesema hivyo wapi? Nimesimulia ya baba yangu.

Ndengu Kijani
Tusigombane, bado mapema. Aliyefaulu aseme amepimaje.

Fundi Pimamaji
Jicho linadanganya, hasa mteremko ukiwa na mwamba upande mmoja. Chukua fito mbili zenye urefu sawa, uzi wa manila wa mita kumi, na pimamaji ndogo ya kuning'iniza katikati kabisa ya uzi. Mmoja anasimama na fito yake, mwenzake anapanda na kushuka polepole mpaka kiputo kitulie kati ya mistari miwili. Hapo mnapiga kigingi, mnaendelea. Pima uzi na utie alama ya katikati kwa fundo, usikadirie. Pimamaji ikihama kidogo tu kutoka katikati, inakudanganya kuliko jicho.

Mtaro wangu ni futi mbili kwenda chini na futi mbili upana. Na ncha zote mbili nafunga, maji yabaki kwangu yazame.

Kilima Kirefu
Usimpotoshe mtu! Ncha zisifungwe. Kwetu Murang'a ukifunga, maji yanajaa na kilima kinateremka na nyumba. Mtaro uinamie kidogo upande mmoja, umwage kwenye njia ya maji iliyopandwa majani.

Fundi Pimamaji
Nimepima mashamba mengi huku mji wa Wote, Makueni, na hakuna kilima kilichoteremka.

Kilima Kirefu
Huko Wote mnapata mvua ya kuteremsha nini?

Mstaafu wa Ugani
Nyote mko sawa, kila mtu kwake. Ukame na udongo wenye kina, funga, kila tone ni lako. Mvua nyingi na mteremko mkali, toa maji taratibu. Ubaya ni kuchukua ushauri wa Murang'a ukaupeleka Makueni.

Jirani wa Chini
Niliapa sitaandika haya, lakini huyo mzee wa Mbooni amenigusa.

Shamba letu liko chini ya la baba mdogo. Mpaka ni ua la minyaa. Baba tulimzika upande wa chini wa boma, chini ya mwembe alioupanda mwenyewe. Vuli ya 2023, ile ya mvua kubwa, baba mdogo alichimba mtaro wa kukinga maji juu ya boma lake, maana choo chake kilikuwa kinaanguka. Mtaro ukaishia kwenye minyaa. Hakutuambia.

Maji yakapita kwetu yakashuka hadi kingo za kijito, na hapo chini pakafunguka mfereji mdogo, upana wa jembe. Tukaupuuza. Watu hudhani korongo linashuka na maji. Halishuki, linapanda. Maji yanaanguka pale kichwani mwake, yanachimba kwa chini, ukingo unadondoka, kichwa kinasogea juu. Usiku nilikuwa nikisikia mlio kama mtu anaangusha magunia ya mahindi. Pu. Kimya. Pu. Lilikuwa likija kufuata yale maji, na katikati ya njia yake kulikuwa na baba.

Mama alianza kuhesabu hatua kila asubuhi kutoka kaburini hadi ukingoni. Arobaini na mbili. Thelathini na moja. Siku moja akarudi akasema kumi na nne, akaingia jikoni akafunga mlango.

Kaka yangu alitaka tufukue tuhamishe. Mimi nikaenda kwa chifu. Baba mdogo aliitwa barazani akasema maji ni ya Mungu, hayana mwenyewe. Usiku huo ikanyesha tangu saa tatu. Nilitoka na tochi nikamkuta mama ameketi juu ya kaburi na mwavuli. Mizizi ya mwembe ilikuwa inaning'inia hewani kama nywele. Nikamwambia, mama, inuka, ukingo utakuangusha. Akasema, "Wewe nenda kalale. Mimi namlinda."

Kulipokucha wakaja wanawake wa mwethya wake. Sikuwaita, sijui nani aliwaita. Walikuwa zaidi ya thelathini, na mitaimbo na majembe uma. Mimi nilidhani watarukia korongo walijaze. Kiongozi wao akasema, "Kwanza maji." Wakapanda hadi kwenye minyaa, wakapima, wakachimba mtaro wa kuyageuza yale maji kuelekea upande wa mwamba, mbali na boma. Hiyo ilichukua siku nzima, na korongo hawakuligusa.

Siku ya pili na ya tatu ndiyo wakashuka na mawe. Walijenga vizuizi, kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja kimechomekwa ndani ya kuta za korongo. Na katikati waliacha chini kuliko kando, kama tandiko la punda. Mimi nilitaka kuongeza mawe pale katikati ili pawe juu, nikapigwa kofi la mkono. Kiongozi wao akanionyesha: katikati ikiwa juu, maji yanakimbilia ubavuni, yanakula ukuta, unapata makorongo mawili. Chini ya kila kizuizi wakatandaza mawe ili maji yakianguka yasichimbe. Kingoni wakapanda mkonge.

Zilibaki hatua sita. Ni sita mpaka leo.

Mama Mbaazi
Nimesoma mara mbili. Mpe mama yako pole yangu, na umshike mkono kwa niaba yangu.

Kilima Kirefu
Mngefukua tu. Baba angepata mahali salama.

Sepetu
Kufukua kaburi si kung'oa mhogo. Kunahitaji kibali, huwezi kuamka na sepetu.

Kilima Kirefu
Ninajua sheria. Nasema usalama wa mama. Mwanamke ameketi ukingoni mwa korongo usiku, mvua inanyesha, na wanawe wako wapi?

Jirani wa Chini
Mwanawe alikuwa amesimama pale pale ameshika tochi mpaka alfajiri. Usinifundishe mapenzi ya mama yangu.

Mama Mbaazi
Kilima Kirefu, omba msamaha. Na nyinyi wanaume mnaobishana ncha zifungwe zifunguliwe, siku ya mwethya huwa mko wapi? Hapo wamehesabiwa thelathini na wote ni akina mama.

Kilima Kirefu
Samahani, Jirani. Nimesema kabla ya kufikiri.

Mjukuu wa Kitui
Nilitaka kusimulia ya bwawa la mchanga, ukuta wa mtoni unaokusanya mchanga wenye maji, lakini naona kila mtu yuko kaburini. Nitasema kwa ufupi. Tulijengewa ukuta mtoni, mkandarasi hakufika kwenye mwamba, akakaza saruji juu ya udongo. Maji yalipita chini ya ukuta, juu pakabaki mchanga mkavu. Ukuta wa pili tulisimamia wenyewe, tukachimba hadi mtaimbo ukalia kwenye jiwe. Mchanga ulipojaa, ukifukua kidogo Septemba unapata maji safi. Kwenye mchanga mzuri maji hufika hata asilimia 40 ya ujazo wote. Kisha yakaja malori usiku kuchota mchanga. Mchanga ukiondoka, maji yameondoka.

Ndengu Kijani
Makueni tulipata sheria ya mchanga 2015. Malori yalipungua kwetu, ila usiku bado ni usiku.

Mpanda Napier
Kuhusu matuta: pandeni nyasi za napier juu ya tuta. Linashika na ng'ombe anakula.

Fundi Pimamaji
Napier sehemu kavu inakunyonyea mahindi mistari miwili. Panda nyasi ya makarikari, inakaa chini na haina fujo.

Mpanda Napier
Ng'ombe wangu hajasoma hayo.

Sepetu
Ushauri wangu kwa Jirani: mwozesheni binti wa kwenu kwa mtu wa ukoo mwingine mwenye shamba la juu, safari ijayo maji yatakuja na barua. Natania, lakini nyumbani kwetu ugomvi wa maji uliisha kwa harusi.

Mstaafu wa Ugani
Jirani, pamoja na hayo, nenda ofisi ya kilimo ya wadi. Katiba ya 2010 imeweka kazi ya hifadhi ya udongo na maji kwenye kaunti. Waombe afisa aje apime mashamba yote mawili kwa pamoja, juu na chini, kama shamba moja. Mimi nimepima maisha yangu yote, na kila palipopimwa shamba moja moja nilirudishwa kuamua ugomvi.

Mrangi wa Kondoa
Na baba mdogo je? Mnasemezana?

Jirani wa Chini
Bado. Tukikutana njiani anaangalia upande wa pili. Lakini wiki iliyopita alimtuma kijana wake kwa mama, amebeba ndizi, aulize wale wanawake walipima vipi pale kwenye minyaa. Mama akapokea ndizi. Akamwambia aje Jumamosi na baba yake, tutapima kuanzia juu kwake.

Uzi ninao, fito ninazo. Pimamaji tuliyotumia ilikuwa ya mwethya na imeenda Kibwezi. Aliye karibu na Wote aniazime.

Fundi Pimamaji
Ninayo. Ijumaa saa tisa nitakuwa stendi ya Wote. Njoo na huo uzi tutie fundo la katikati pamoja.