Tupeane uzoefu: bendera za mbio za magari, ulizozishika na ulizoonyeshwa

Mwana wa Kisauni (mleta mada)

Wakuu, salaam. Nipo Ghuba mwaka wa saba sasa. Riziki yangu iko hotelini, lakini msimu wa baridi ukifika, wikiendi najitolea kushika bendera kwenye uwanja wa mbio. Wengi humu tunafuatilia Formula 1 na Safari Rally, ila bendera tunaziona kama mapambo, na jambo hilo huniuma.

Naanza na yangu. Kituoni tunasimama wawili, tumeelekeana. Mwenye bluu anatazama magari yanayokuja. Akiona lenye kasi limemfikia aliyezidiwa mzunguko mzima, anampepea huyo wa mbele amwachie mwenzake njia. Mwenye njano anayapa magari mgongo, anachunga kipande cha barabara hadi kituo kinachofuata. Likiharibika jambo huko, yeye ndiye wa kuwaambia wanaokuja. Kwa hiyo mgongo wako umemkabidhi mwenzako. Gari likichomoka kuja kwenu, yeye ndiye atakayekuvuta shati.

Siku hiyo zilikuwa mbio za klabu. Gari likazunguka mbele yangu, likakaa ubavu katikati ya njia, injini imezima. Nikatoa njano, mwenzangu akanipa ya pili. Njano mbili zikipepea, maana yake njia imeziba au kuna watu wanafanya kazi pale: punguza sana, jiandae kusimama, marufuku kumpita mtu. Tunafundishwa kuchora nane hewani ili kitambaa kisijisokote kwenye fimbo, nami nilichora mpaka bega likawaka moto. Vijana wawili wakaruka ukuta kwenda kusukuma.

Magari matatu yakapunguza. La nne liliona mwenzake kapunguza, likadhani limepata nafasi ya kuovateki. Likapita kama mita mbili kutoka kwa kijana aliyekuwa ameinama nyuma ya gari bovu. Upepo wake ukamvua kofia. Kijana hakuinua hata kichwa, aliendelea kusukuma, kwa sababu alijua mimi nipo na bendera.

Dereva akaonyeshwa nyeusi pamoja na namba yake, akaingia piti (sehemu ya matengenezo kando ya njia), siku yake ikaishia hapo. Baadaye alikuja kuomba radhi. Nilimpokea, lakini ile kofia ikibiringika kwenye lami bado naiona.

Leteni zenu.

Mwelekezi wa Vumbi

Mkuu, pole sana. Sisi wa rali hatuna mshika bendera kila kona, njia ni ndefu mno. Bendera nyekundu inatolewa kwenye vituo vya redio tu. Ukiiona, unapunguza hapo hapo na kwenda polepole mpaka mwisho wa kipande cha njia mnachoshindania, na waandaaji wanakupangia muda wa haki. Kwa hiyo hupotezi kitu.

Katikati ya vituo, bendera ni sisi wenyewe. Kila gari linabeba karatasi ngumu: upande mmoja SOS nyekundu (tunahitaji msaada), upande wa pili OK ya kijani (tuko salama). Mwaka fulani kwenye raundi ya klabu huko Bonde la Ufa tulipinduka, tukalala na mlango. Tukatoka wazima. Dereva wangu akakimbia kurudi nyuma na pembetatu ya tahadhari, maana sheria inataka angalau mita hamsini. Mimi nikasimama na OK yangu. Gari la kwanza likapita, dole gumba juu. Kabla la pili halijafika, upepo ukaipindua karatasi mkononi mwangu, mimi nimeelekeza macho kwa dereva wangu sioni. Wale jamaa wakaona nyekundu.

Walipiga breki mpaka vumbi likatufunika wote. Mwelekezi wao (anayekaa kando ya dereva na kumsomea njia) akaja mbio na kisanduku cha huduma ya kwanza, ananiuliza nani ameumia. Walikuwa wanapigania nafasi ya tatu siku ile! Niliwaomba msamaha, yule dada akanijibu, "Kaka, ukionyesha nyekundu nasimama, hata kama ni mara kumi." Sheria pia inasema hivyo. Waandaaji waliwarudishia muda wao. Tangu siku hiyo karatasi naishika kwa mikono miwili, pembe zote mbili.

Juma Gereji

Swali dogo: ile nyeusi yenye duara la rangi ya chungwa katikati?

Mwana wa Kisauni

Hiyo na namba yako: gari lako lina hitilafu inayohatarisha wewe au wenzako, mfano bawa linaning'inia. Ingia piti. Mkilirekebisha, unarudi mbioni.

Dada Wambo

Mimi ni karti (vigari vidogo vya mbio) za kukodi tu, Nairobi, birthday ya mdogo wangu. Maelezo ya mwanzo tulipewa harakaharaka, nusu tunapiga picha. Nikapepewa bluu nikadhani nahimizwa. Nikakanyaga mafuta na kuziba kona. Aliyekuwa nyuma akanigonga, kifundo cha mkono wake kikateguka, wiki mbili hakuandika kitu kazini. Tafadhali, mkienda na watoto, sikilizeni yale maelezo hadi mwisho.

Mbongo Texas

Huku Marekani angalieni nyeupe. Kwenye NASCAR na IndyCar, mashindano makubwa ya magari ya huku, maana yake mzunguko wa mwisho. Kwenye Formula 1 nyeupe inakuonya kuna gari linalokwenda polepole mbele yako. Nilimpeleka shemeji aliyezoea Formula 1, ikatolewa nyeupe akaanza kutafuta gari bovu liko wapi, akakosa kuona wawili wa mbele wakipitana kwenye mstari wa kumalizia.

Kona ya Dunlop

Mimi sijawahi kushika usukani wa mbio, ila Oktoba 5, 2014 niliamka alfajiri kutazama mbio za Formula 1 za Suzuka, Japani. Mvua. Adrian Sutil alitoka njia, kreni ikaja kuliondoa gari lake, njano mbili zinapepea. Mzunguko uliofuata Jules Bianchi akateleza pale pale, akaigonga ile kreni kwa kilomita 126 kwa saa. Uchunguzi wa FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, ulisema hakupunguza kiasi cha kutosha. Alifariki Julai 17, 2015, akiwa na miaka 25. Mwaka huo huo ndipo Formula 1 ilipoanza kutumia utaratibu wa gari la usalama lisiloonekana: kila dereva anapunguza uwanja mzima, anafuata muda anaoonyeshwa kwenye usukani. Kila ninapoona njano mbili nazima maongezi sebuleni.

Mwana wa Kisauni

Kona ya Dunlop, kwenye mafunzo yetu Suzuka ile inatajwa kila mwaka, na chumba kinakuwa kimya.

Juma Gereji

Mkuu, nikitaka kujitolea, wanaanza kukufundisha nini?

Mwana wa Kisauni

Kaka, utaanza na ya mistari ya njano na nyekundu, ya utelezi, kwa sababu huku mchanga unahamia lamini kila upepo ukivuma. Hiyo huipepei. Unainyoosha wazi, imetulia, fimbo mkono mmoja na pembe ya kitambaa kati ya vidole vya mkono wa pili, ili asomaye kwa kasi aione mistari yote. Sentimita 60 kwa 80 tu, lakini upepo wa jangwani utaivuta kama tanga la ngalawa. Njoo na glavu.