Madoa ya ini yasiyo na madhara: asili yake ni nini?

Mdadisi:
Habari zenu. Nilifanyiwa ultrasaundi ya tumbo, kisha MRI, na ripoti inataja mambo matatu kwenye ini: eneo dogo la mafuta kando ya ligamenti (utando unaoshikilia ini) yenye umbo la mundu, vijifuko vidogo sana vya maji vilivyotawanyika, na lobu (sehemu kubwa ya ini) ya kulia iliyorefuka kuelekea chini. Daktari amenihakikishia kwamba hakuna kinachohitaji matibabu, nami namwamini. Ninachotaka kuelewa ni asili yake. Kwa nini mafuta yakae mahali pamoja tu, na je, vifuko hivyo nilizaliwa navyo?

Msomaji wa Picha:
Nianze na mafuta, kwa sababu ndiyo huwatia watu hofu zaidi. Takriban asilimia 75 ya damu inayoingia kwenye ini huletwa na vena (mshipa wa damu) iitwayo vena ya porta, ikitoka kwenye utumbo, wengu na kongosho, na kwa hiyo imebeba virutubisho pamoja na insulini nyingi. Lakini kando ya ligamenti hiyo huingia pia vena ndogo zinazoitwa vena za Sappey, ambazo huleta damu kutoka ukuta wa mbele wa tumbo. Kipande cha ini kinachopokea damu ya mchanganyiko tofauti huhifadhi mafuta kwa namna tofauti na jirani zake, hata kama seli zake ni zilezile.

Kinyume chake pia hutokea: ini zima lina mafuta, isipokuwa sehemu iliyo karibu na kifuko cha nyongo, ambako vena za kifuko hicho humwaga damu yake moja kwa moja. Sehemu hiyo iliyosalimika huonekana kama uvimbe kwa asiyeizoea. Mimi huangalia mishipa kwanza. Ikiwa inapita katikati ya doa bila kusukumwa wala kupindishwa, hiyo ni dalili nzuri kwamba si uvimbe. MRI huongeza uhakika, kwani mawimbi ya mafuta na ya maji yanapopingana, eneo lenye mafuta hufifia.

Mwalimu wa Anatomia:
Ligamenti hiyo yenyewe ina asili ya kupendeza. Katika ukingo wake umo uzi mgumu, ambao ni mabaki ya vena ya kitovu ya kushoto, iliyokuletea damu yenye oksijeni kutoka kwenye kondo ulipokuwa tumboni.

Kuhusu vifuko, ikiwa ni vile vinavyoitwa hamatoma za vifereji vya nyongo (vishada vya tishu za kawaida zilizojipanga vibaya, si saratani), basi ndiyo, chanzo chake ni cha kabla ya kuzaliwa. Chipukizi la ini hutokea katika wiki ya 4 ya kiinitete. Baadaye seli zinazoizunguka vena ya porta hujipanga kama ala (kifuniko) yenye matabaka mawili, ambayo kwa kawaida hupunguzwa na kuumbwa upya mpaka vibaki vifereji vichache vilivyokamilika. Pale ambapo kazi hiyo haikukamilika, hubaki vishada vidogo vya vifereji vilivyopanuka, kila kimoja kwa kawaida hakifiki milimita 15. Mtaalamu wa patholojia Von Meyenburg alivieleza mwaka 1918.

Lobu iliyorefuka huitwa lobu ya Riedel. Ni ini la kawaida lenye umbo tofauti, nayo huonekana zaidi kwa wanawake. Daktari akiigusa chini ya mbavu anaweza kudhani ini limevimba au kuna uvimbe wa figo.

Mdadisi:
Nashukuru sana. Je, nirudie vipimo kila mwaka?

Msomaji wa Picha:
Kwa mambo haya matatu peke yake, yakiwa yametambuliwa kwa uhakika, kwa kawaida hapana. Hali ni tofauti kwa mtu mwenye saratani mahali pengine mwilini, kwa sababu vijifuko vingi vidogo vinaweza kufanana na saratani iliyosambaa hadi kwenye ini, au kwa mwenye ugonjwa sugu wa ini. Ikiwa una historia ya aina hiyo, mweleze daktari wako, na utunze picha zenyewe pamoja na ripoti ili atakayekupima baadaye aweze kulinganisha.