Kriek tatu mezani: ipi imfae mzee aliyekulia kwenye rubisi?

Mwana wa Kagera (Leuven)

Ndugu zangu, salaam. Baba mkwe anakuja kututembelea mwezi ujao kutoka Bukoba, nami nimeazimia kumwonjesha bia moja ya huku Ubelgiji ambayo naamini ataielewa tangu funda la kwanza, yaani kriek: lambiki, ile bia chachu inayoumuka kwa hamira ya hewani, iliyolazwa katika mapipa ya mwaloni, kisha ikalowekewa cheri kali. Mzee huyu amekunywa rubisi tangu ujana wake, ile ya ndizi zilizokanyagwa kwa miguu, ikatiwa mtama uliokaangwa na kuachwa usiku kucha katika mtumbwi wa mti uliofunikwa kwa majani ya mgomba. Vinywaji vyenye sukari havipendi. Akipewa soda huonja kidogo kwa adabu, kisha huirudisha mezani. Kwa sababu hiyo Jumamosi iliyopita nilinunua chupa tatu, mimi na mke wangu tukazifungua pamoja, tukazionja polepole tukiwa na mkate mkavu na maji tu pembeni.

Ya kwanza ni Kriek ya Lindemans, kutoka Vlezenbeek, yenye kilevi cha asilimia 3.5. Ni nyekundu iliyokolea, povu lake ni la waridi, na harufu yake ni ya jemu ya cheri. Utamu ndio unaotangulia, uchachu unafuata kwa mbali, na dalili ya mwaloni sikuipata hata baada ya kuitafuta. Mke wangu aliipenda, ila sote wawili tulikubaliana kwamba mzee ataiweka kando kama anavyoiweka soda.

Ya pili ni Oude Kriek ya Boon, kutoka Lembeek, asilimia 6.5. Hapa nilikaa muda mrefu. Cheri yake haina sukari, bali ni tunda lenyewe pamoja na ganda na kokwa, kwa maana chini ya harufu ya tunda kuna harufu ya lozi ambayo hutoka katika kokwa zilizolowekwa. Uchachu wake ni mpana kama wa maziwa mgando, haukwaruzi koo, na baada ya kumeza hubaki ukakasi mwepesi kwenye ufizi, mfano wa ule wa zambarau.

Ya tatu ni Kriek ya Cantillon, ya Anderlecht mjini Brussels. Kizibo kilipotoka tu, mke wangu aliuliza kama nimeingia na viatu vya shambani, kwa kuwa harufu iliyotangulia ilikuwa ya zizi, ya ngozi kuukuu na ya nyasi zilizokauka. Funda la kwanza lilikuwa kali kama ukwaju uliokamuliwa bila maji, meno yakaingia ganzi. Lakini niliiacha glasi mezani kwa takriban nusu saa, na niliporudi harufu ya zizi ilikuwa imetulia, cheri imejitokeza, na nyuma yake kuna kitu kikavu cha mbao, kama harufu ya sanduku la zamani linapofunguliwa.

Lindemans nimekwisha kuiondoa katika hesabu. Swali langu ni kati ya Boon na Cantillon: ipi nimwekee mzee usiku wa kwanza?

Mama Kasikisi (Brussels)

Kaka, karibu sana kwa mkweo. Mimi ni wa Bukavu, nimelelewa katika nyumba iliyopika kasikisi, pombe ya ndizi ya kwetu, kwa hiyo ladha unayoizungumzia naijua. Kabla ya kukujibu, naomba niwasaidie wengine watakaosoma hapa, kwa sababu watu wengi hununua kriek tamu, wakasema hawaipendi lambiki, ilhali lambiki yenyewe hawajaionja.

Neno la kutafuta kwenye lebo ni «Oude», yaani ya kale. Tangu mwaka 1997 jina Oude Kriek limelindwa na sheria za Umoja wa Ulaya, na bia isiyotengenezwa kwa njia ya jadi hairuhusiwi kulivaa. Kriek isiyo na neno hilo mara nyingi hutokana na lambiki changa iliyoongezewa maji ya cheri na utamu, na ili utamu huo usiendelee kuliwa na hamira ndani ya chupa, bia huchemshwa kidogo hadi hamira ife. Ndiyo maana chupa yako ya kwanza ilikuwa tamu na imetulia; hakuna kilicho hai ndani yake. Nyingine mbili ziko hai hadi leo, na ukiziacha kwenye giza na ubaridi zitaendelea kubadilika kwa miaka.

Tahadhari moja: Cantillon haiandiki «Oude» kwenye kriek yake, inaandika kwamba ni lambiki kwa asilimia 100, na isikupotoshe, hiyo ni kavu kabisa.

Nimefika pale Cantillon mara kadhaa, kwani tangu mwaka 1978 kiwanda chenyewe ni makumbusho na mtu yeyote anaweza kuingia. Kilichonigusa ni beseni pana la shaba lililo chini ya paa. Maji ya kimea, ya shayiri pamoja na ngano isiyooteshwa, yakishachemshwa kwa saa nyingi humwagwa humo na kuachwa usiku mzima yapoe kwa hewa ya nje. Hakuna mtu anayetia hamira. Hamira huja yenyewe na upepo wa usiku. Kwa sababu hiyo hupika katika miezi ya baridi tu, kwani usiku wa joto hewa hujaa vijidudu vinavyoharibu. Nilisimama pale nikamkumbuka mama yangu aliyekuwa akikataza mtungi wa kasikisi usioshwe kwa sabuni.

Kwa swali lako: mpe Boon usiku wa kwanza. Mzee amesafiri, kinywa kimechoka, na uchachu wa Boon unamkaribisha mtu.

Mgema wa Kilifi (Gent)

Dada Mama Kasikisi amesema vizuri, lakini naona mmeisahau Flanders ya Magharibi. Kwa nini asijaribu Rodenbach Alexander, ya Roeselare? Hiyo msingi wake ni bia yao iitwayo Grand Cru, ambamo theluthi mbili ni bia iliyokaa miaka miwili katika mapipa makubwa ya mwaloni na theluthi moja ni bia changa, kisha ikachanganywa na cheri. Ilikuwa imeachwa kutengenezwa, ikarudi sokoni mwaka 2016. Mapipa yao yamesimama wima kama minazi, yanakaribia 300, na mengine ni makubwa kuliko chumba changu cha kulala.

Mimi nimekulia kwenye mnazi, na mgema hujifunza mapema kwamba tembo ya asubuhi ni tamu, ya jioni ni kali, na ya kesho kutwa ni siki. Rodenbach inasimama mahali pale pazuri, baada ya ukali na kabla ya siki: ina utamu kidogo wa kimea, ina weusi wa tunda lililoiva sana, na uchachu wake unakata mafuta ya nyama ya kuchoma. Mzee wa Bukoba akiletewa Cantillon ataona amepewa dawa.

Fundi Mapipa (Antwerpen)

Ndugu Mgema, Rodenbach naiheshimu, ila kwa mzee huyu sikubaliani nawe, na sababu yangu iko ndani ya pipa. Naomba nieleze kwa urefu kidogo, kwa kuwa kila mara naona watu wakidhani mwaloni huwekwa ili bia inuke mbao.

Mapipa ya lambiki kwa kawaida ni makuukuu. Yamekwisha kubeba mvinyo kwa miaka, na harufu kali ya mbao mpya ilikwisha kutoka zamani. Mwaloni hapa unafanya kazi mbili nyingine. Ya kwanza, mbao hupumua: hewa kidogo mno hupita katika vinyweleo vyake, kiasi cha kuwalisha viumbe wa taratibu bila kuwafurahisha wale watengenezao siki. Ya pili, mbao ni nyumba. Hamira iitwayo Brettanomyces, ambayo spishi yake moja imepewa jina la mji wa Brussels, hujificha katika nyufa za ubao na kungojea bia ya msimu ujao. Harufu ya zizi na ngozi aliyoisikia shemeji yetu inatokana na hamira hiyo, wala si uchafu.

Katika miezi ya joto, bakteria waitwao Pediococcus hutengeneza asidi ile ile iliyomo katika maziwa mgando, na wakati mwingine bia hugeuka ikawa na utelezi. Nimewahi kuonjeshwa lambiki iliyo katika hali hiyo, ikitolewa moja kwa moja kwenye pipa kwa bomba dogo. Ilitoka bila sauti, ikining'inia kama mlenda wa bamia unapoinuliwa na kijiko, na kinywani ilipita yote kwa pamoja bila kukatika. Mtu asiyejua angeimwaga. Mwenye pipa aligonga kizibo kwa nyundo akairudishia, kwa sababu Brettanomyces ataula mlenda huo wote, na baada ya miezi kadhaa bia itakuwa nyepesi na kavu. Bila muda huo huwezi kupata ukavu ule. Ndio maana lambiki hulala mwaka mmoja hadi mitatu.

Tofauti kati ya Boon na Cantillon nayo inaelezeka hivyo hivyo. Boon hulaza bia nyingi katika mapipa makubwa ya maelfu ya lita, ambamo hewa inayoingia ni ndogo ikilinganishwa na wingi wa bia, na cheri zake ni takriban gramu 400 kwa lita. Uchachu hutoka laini na tunda hutoka nene. Cantillon hutumia mapipa madogo zaidi na cheri gramu 200 kwa lita, hivyo lambiki yenyewe ndiyo inayosema kwa sauti. Rodenbach nayo hupikwa kwa hamira iliyotiwa na mtu, na mkono wa siki ndani yake ni mzito. Rubisi haina ukali huo wa siki inaponywewa kwa wakati wake. Uchachu wake ni wa maziwa, nao uko karibu zaidi na lambiki.

Mimi ningempa Cantillon, tena ya kwanza, kabla kinywa chake hakijazoea kingine.

Mama Kasikisi (Brussels)

Kaka Fundi, ufafanuzi wako wa pipa nimeupenda sana, lakini hapo mwisho tunaachana njia. Mgeni hupewa kwanza kinachomfariji.

Kwa vyovyote, mwenye nyumba azingatie haya. Chupa asizitoe kwenye friji na kuzimimina hapo hapo. Baridi kali hufunga harufu na kuacha uchachu peke yake, kwa hiyo zikae kwenye joto la nyuzi 12 hivi. Chupa ikishalazwa, imiminwe ikiwa imelala katika kikapu chake, ili machicha yasipande. Pia asinunue chupa iliyosimama dirishani penye jua. Niliwahi kuuziwa moja ya namna hiyo katika duka la mtaani, kizibo kimekauka, na ndani hapakuwa na tunda wala gesi.

Mgema wa Kilifi (Gent)

Hoja ya siki naikubali. Alexander mwekee usiku wa nyama choma.

Mwana wa Kagera (Leuven)

Ndugu zangu, narudi na majibu, na ninawashukuru kwa moyo wote.

Nilifuata shauri la dada: usiku wa kwanza ilikuwa Boon, kwenye nyuzi 12, pamoja na samaki na ndizi. Mzee aliinusa, akanywa, akasema ni pombe nzuri ya wageni. Alimaliza glasi moja, hakuomba ya pili. Nilihuzunika kidogo.

Usiku wa pili nilifungua Cantillon nikamwachia glasi bila kusema neno. Alinusa mara moja, akaishusha, akainusa tena kwa muda mrefu, kisha akauliza imelala katika mti gani. Sikuwa nimemweleza habari yoyote ya pipa. Nilipomwambia ni mwaloni, alitaka kujua kama mti huo huoshwa kila mara, nikamweleza habari ya hamira inayokaa katika nyufa, kama alivyoandika Kaka Fundi. Akasema mtumbwi wa baba yake ulikuwa vivyo hivyo, kwamba rubisi ya mtumbwi mpya haikuwahi kuwa nzuri kabla ya mavuno kadhaa, na kwamba harufu iliyomo katika glasi ndiyo ile ya mtumbwi mtupu asubuhi, pombe ikishatolewa. Chupa nzima ya sentilita 75 tuliimaliza wawili, mke wangu akiendelea na Lindemans yake.

Ana lalamiko moja, na nalileta kwenu. Anaona cheri imeingilia. Anataka kuonja ile iliyo chini yake bila tunda. Nimesoma kwamba gueuze huchanganya lambiki za mwaka mmoja, miwili na mitatu. Je, nimtafutie gueuze, au nimpeleke Anderlecht akanywe lambiki isiyochanganywa, ile isiyo na gesi? Tuna siku sita kabla ya safari yake ya kurudi.

Fundi Mapipa (Antwerpen)

Mpeleke Anderlecht. Gesi ya gueuze itamsumbua, na lambiki tulivu ni nadra kuipata chupani. Akifika amwombe mwenyeji amwonyeshe beseni la shaba, kisha asimame kidogo katikati ya safu za mapipa kabla ya kuonja.