Saa chache Roma na mama: makanisa gani, na tule wapi?

BintiWaPili:
Habari za muda huu wakuu. Mimi na mama tutapita Roma siku ya Jumatano. Tunatua Fiumicino saa moja asubuhi, na ndege ya kuendelea ni saa nne usiku. Viza za Schengen tunazo. Mama ni Mkatoliki wa kila asubuhi kanisani. Anataka kusali kwenye kaburi la Papa Francisko, yaliyobaki ameniachia mimi. Magoti yake hayapendi ngazi wala foleni. Mimi nataka kuona mji na kula chakula cha maana, siyo sandwichi za stesheni. Mnanishauri nini?

Kandambili:
Dada, mpe mama shikamoo yangu. Nimeishi Roma miaka ya kutosha na wageni nimewazungusha sana, kwa hiyo nitasema bila kupamba: wanaoharibikiwa siku ni wale wasiojua kwamba makanisa mengi ya Roma hufungwa mchana. Kuanzia kama saa sita na nusu mpaka saa tisa, tisa na nusu, unakuta mlango umekomewa. Pangeni siku kwa kufuata milango hiyo.

Pandeni treni ya Leonardo Express kutoka uwanja wa ndege, dakika 32 mko Termini, stesheni kuu ya mji. Mizigo iacheni pale pale stesheni, pana sehemu ya kulipia. Kutoka hapo Basilika la Bikira Maria Mkuu, wenyewe wanaliita Santa Maria Maggiore, ni mwendo mfupi hata kwa magoti ya mama. Francisko amezikwa humo tangu tarehe 26 Aprili 2025, pembeni mwa kanisa, na juu ya jiwe pameandikwa FRANCISCUS tu. Jirani yake ni kikanisa chenye picha ya Bikira Maria, Salus Populi Romani, ambayo alikuwa akienda kusali mbele yake kabla na baada ya safari zake. Mwacheni mama hapo, msimharakishe. Wewe inua macho uangalie michoro ya vijiwe juu ya nguzo, ni ya karne ya 5.

Mkitoka, msiondoke mtaa huo kabla ya kuingia Santa Prassede. Mlango wake haujitangazi, watalii wengi wanaupita. Ndani, kwenye kikanisa cha Mtakatifu Zeno, Papa Paskali wa Kwanza katika karne ya 9 aliweka sura ya mama yake, Theodora. Watakatifu wana duara la nuru kichwani, yeye ana mraba, maana alikuwa bado hai. Mwonyeshe mama. Mimi kila mama niliyemfikisha pale alianza kunitazama kwa jicho la "na wewe je?"

MzeeWaRamani:
Mkuu, unampeleka Mkatoliki Roma halafu asikanyage Basilika la Mtakatifu Petro kule Vatikani? Hapana bwana.

Kandambili:
Mzee, kasema Jumatano. Jumatano asubuhi Papa hukutana na mahujaji uwanjani, na kwa kawaida watalii hawaingii basilikani mpaka pamalizike. Halafu ndiyo foleni ya ukaguzi inajaa, juani. Kuingia ni bure, lakini magoti yatalipa. Mama akisisitiza, waende alasiri kwa teksi na waiache Pantheon, lile hekalu la kale nililotaka kuwapangia mchana. Vyote viwili watakimbizana tu.

Kama ni Pantheon, hiyo haifungwi mchana, ndiyo maana naiweka saa hizo. Ilijengwa enzi za mfalme Hadriani na ni kanisa tangu mwaka 609. Kuba lina upana wa mita 43 na ushee, na kimo kutoka sakafuni ni hicho hicho. Tundu la juu liko wazi kabisa: mvua ikinyesha inaingia, nayo sakafu ina vitundu vya kupitishia maji. Watalii wanalipa kiingilio.

Milango ikifunguliwa tena, nendeni San Luigi dei Francesi, ni hatua chache tu. Mchoraji Caravaggio alichora picha ya humo ya wito wa Mathayo. Mtoza ushuru yuko mezani na pesa zake, mwanga unaingia kutoka kulia pamoja na Yesu. Bebeni sarafu, taa ya pale inawashwa kwa sarafu.

BintiWaPili:
Mama kasoma, kasema Santa Prassede haiachwi. Na chakula je?

Kandambili:
Kuleni saa saba. Ukipita saa tisa jiko nyingi zimezimwa mpaka jioni. Mkahawa wenye mtu anayewavuta mlangoni na menyu ya picha, piteni. Agiza cacio e pepe: tambi, jibini ya kondoo na pilipili manga, basi. Kuitazama ni rahisi, lakini wapishi wengi wanaiharibu. Kahawa mnywe mmesimama kaunta, mkikaa bei inapanda.

Ukwaju:
Kwa wasiokula nguruwe: carbonara, amatriciana na gricia zote zina nyama ya shavu la nguruwe. Nendeni mtaa wa zamani wa Wayahudi, kuna mikahawa ya kosher, yaani inayofuata sheria za chakula za Kiyahudi, nguruwe hakuna. Ulizeni carciofi alla giudia, ua la mboga iitwayo artichoki linalokaangwa likafunguka na kukauka kama chipsi. Msimu wake mzuri ni mwisho wa baridi mpaka masika.

MzeeWaRamani:
Haya, nimekubali. Basi la 64 mkipanda, mkoba uwe mbele, wezi wa mifukoni wanalipenda. Mama abebe kanga ya kufunika mabega kanisani, na chupa tupu: vibomba vya mitaani maji yake ni ya kunywa. Ziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yanaruka kupitia kitundu cha juu, hana haja ya kuinama.

Kandambili:
Na saa kumi na mbili na nusu jioni muwe Termini, si baadaye.